Ukurasa wa Thelathini na Moja

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa shule ametangaza kipindi kipya: kuwafundisha vijana kuzichunguza habari kabla ya kuziamini. Atakayeleta vifaa bora kufikia Ijumaa ndiye atakayekabidhiwa. Kisha akanitazama mimi, mkutubi, akasema maktaba ikishindwa hata hili, itageuzwa stoo ya mipira. Miaka kumi na mmoja nimeilinda maktaba ile! Mwalimu wa jiografia, tunayemwita Bi Dira, alinyoosha mkono kabla mkuu hajamaliza. Tutaonana.

Jumanne, 4 Machi
Nimeanza na magazeti yetu ya zamani. Yapo tele, ila mwalimu wa michezo ameyakata habari zote za mpira, na nyuma ya kila habari ya mpira kulikuwa na jambo la maana. Waziri amesema nini? Tundu. Nikamwendea muuza karanga wa getini, anayefungia karanga zake kwenye magazeti. Haina noma, akasema, mradi ninunue na karanga. Nimenunua pakiti ishirini. Karatasi zote ni matangazo ya vifo. Bi Dira alinikuta nimeyatandaza mezani, akanipa pole ya msiba.

Jumatano, 5 Machi
Nimepata! Mtandaoni, tena bure. Mwongozo wa kurasa thelathini na moja, wa taasisi yenye jina refu, na picha ya profesa mwenye miwani. Mke wangu akauliza kama nimeusoma wote. Nikamwambia maandishi mazito hayahitaji kusomwa yote. Mama mkwe akaguna. Huwa haongezi neno, na hapo ndipo anaponikera.

Alhamisi, 6 Machi
Kutwa nzima nimevutana na karani. Karatasi za shule anazilinda kama mboni ya jicho. Mwishowe akakubali kurasa thelathini kwa kila nakala, hata moja zaidi hapana. Basi nikauacha ule wa mwisho. Kurasa za mwisho ni shukrani tu, nani asiyejua? Nakala yake moja ilishatoka kwenye mashine, nikaiacha hapohapo. Nimeazima koti la shemeji. Bi Dira eti analeta ramani. Ramani!

Ijumaa, 7 Machi
Bi Dira alitangulia mbele ya mkuu na wanafunzi, na ramani mbili zenye mto mmoja wa urefu tofauti. Mkuu akatikisa kichwa kwa kuridhika. Zamu yangu. Nikagawa nakala, nikasoma kwa sauti ya kihutuba. Dakika ya tano, msichana ambaye wenzake humwita Hakimu akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mbona huyu profesa amezaliwa miaka miwili baada ya kuandika kitabu chake?"

Nikajibu kwamba wasomi wakubwa huanza mapema. Darasa likaangua kicheko. Mwingine akajumlisha asilimia, zikafika mia na arobaini. Wa tatu akamtambua profesa kwenye tangazo la dawa ya meno. Jasho likalowesha koti la shemeji. Niliona aibu hasa, na niliiona mipira ikiingia maktaba. Wao wakazidi kuchimbua, vichwa vimeinamia karatasi, hadi wakafikisha makosa kumi na mawili.

Mkuu akasimama na karatasi aliyopewa na karani. Ukurasa wa thelathini na moja! Akausoma: mwongozo huu una makosa kumi na mawili ya makusudi, waacheni wanafunzi wayagundue wenyewe. Akasema wengine wangegawa majibu pamoja na maswali, lakini mkutubi wetu alikuwa na busara ya kuuondoa. Kipindi ni changu. Maktaba imepona. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa mtu aliyepanga yote.

Jumatatu, 10 Machi
Kipindi cha kwanza rasmi. Niliwaagiza kila mmoja aje na habari anayoitilia shaka. Hakimu kaja na hii: eti mwalimu aliuondoa ukurasa makusudi. Akauliza mbele ya wote shahidi ni nani. Nikasema shahidi ni mimi. Akaandika kwenye daftari: "Haijathibitishwa." Bi Dira, aliyekuja kutazama, akaliazima lile daftari.

Sikati tamaa. Shida si mimi. Kinachokosekana ni mwongozo wa kuwafundisha vijana kuwaamini walimu wao, na jioni hii nimeupata mmoja mtandaoni. Una kurasa mia mbili na umesifiwa na maprofesa sita. Sita!