Uzinduzi wa Filamu ya Mzimu wa Masijala

Mheshimiwa Mgeni Rasmi ambaye ametuma udhuru, Mheshimiwa Mwakilishi wake ambaye yuko njiani, wakurugenzi wenzangu, makaimu, wanaowakaimia makaimu, na ninyi wananchi mliosimama kwa kuwa viti ni vya waheshimiwa, hamjambo? (Hatujambo.) Sijasikia. (Hatujambo, kwa uchovu.)

Kwa unyenyekevu wangu, ambao ni mkubwa kuliko wa mtangulizi wangu, nazindua filamu yetu ya kidijitali ya kutisha na kuchekesha, inayomhusu karani wa masijala aliyefariki akaendelea kuripoti kazini, na ofisi nzima isishtuke, ila kwamba siku hizi anawahi. (Kicheko. Mhasibu hacheki.)

Kwa mujibu wa utafiti shirikishi nilioufanya peke yangu, filamu hii itawafaa wadau wote: waoga wataitazama kupitia vidole, wakwe wasiosalimiana watajikuta wameshikana mikono gizani bila yeyote kushuka hadhi, na wenye presha watacheka kwa asilimia sitini na kuogopa kwa asilimia sitini, jumla mia. (Makofi.) Wanaosinzia mapema tumewawekea vifo mwanzoni.

Naona mama amenyoosha mkono kule nyuma. Mpeni kipaza sauti. Hakiwaki? Basi nitamsemea. Huyu ni mjane wa tarishi wetu, marehemu, aliyeigiza mzimu kwa weledi mkubwa akiwa bado hai. Mama anasema filamu za kutisha haziwezi, hata paka akiangusha sufuria yeye huruka. Lakini mumewe alikuwa akianza kucheka kwa pua, mdomo ukifuata baadaye, na picha ya ukutani haina sauti. Anasema, nanukuu: "Mwanangu, nionyeshe hapo anapocheka tu, halafu nitajiondokea." Mwisho wa kunukuu.

Mama, ombi lako limepokelewa, litachakatwa, na limo katika mpango mkakati, awamu ya pili.

Filamu juu! (Juu.) Mzimu juu! (Juu, wachache.) Maendeleo mbele! (Mmoja.)

Nihitimishe kwa kuwashukuru waigizaji wetu, akiwemo marehemu, waliojipaka unga usoni wakaigiza kutwa nzima, bila kulalamika, mbele ya kasha la kamera, wakati kamera yenyewe ikiendelea kusubiri zabuni. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Makofi yanakatika. Mama anauliza kama anaweza kuonyeshwa hilo kasha.)