Jogoo wa Mama Respah na Linux ya Bure

Jamani, leo nimeaibika mbele ya kuku.

Sisemi kwa mafumbo. Kuku wenyewe, wa manyoya. Naandika mikono bado inanuka, nimenawa mara tatu, na nikifumba macho namsikia jogoo akidonoa kioo. Wacha niwape yote kabla hamjaisikia kwa mtu mwingine.

Ninyi wa orodha yetu ya barua pepe mnaijua ile CD ya Linux, ule mfumo wetu wa kompyuta, mliyonitumia kutoka Nairobi. Mnajua pia kwamba kanisa letu hapa Kakamega lilipewa kompyuta kuukuu na wageni, na tangu siku hiyo, ukitoa ile moja anayochapia karani, zimekaa ofisini zimefunikwa vitambaa vya kufuma kama maiti wa heshima. Mwaka mzima nimeomba ukumbi niwafundishe vijana. Mwaka mzima nimejibiwa, "Tunaliombea jambo hilo." Mwishowe mwenyekiti wa kamati, Mzee Alfayo, akachoka nami.

"Roselyne," akasema, "leta watu waone. Wakipenda, ukumbi ni wako. Wasipopenda, tutauza hivyo vitu tununue viti."

Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe.

Nilikuwa nimebandika tangazo kwenye ubao wa kanisa kabla sijaenda Mumias kumwona shangazi. Nilichora kwa mkono wangu yule pengwini wetu wa Linux: mnene, kifua mbele, ametulia kama mtu aliyeshiba obusuma, ugali wetu, na mboga. Chini yake nikaandika: LINUX. NI YA BURE. HAISUMBULIWI NA VIRUSI. NJOO UONE, UPEWE, UMPE NA JIRANI.

Nililipenda lile tangazo! Fupi. Linaeleweka. (Nilifikiri hata niwatumie nakala mjifunze.)

Kuna jambo moja sikuliwaza. Mwezi huu ugonjwa umefagia kuku mitaa yote, wa mama yangu wakiwemo. Kila nyumba watu wanazika ingokho, kuku wao. Nililijua hilo. Nilikaa matanga ya hao kuku. Lakini kichwani mwangu kuku walikuwa upande wao na Linux upande wake.

Basi nikafika ukumbini mapema. Nikaweka kompyuta mezani, nikafunga mapazia ili skrini ionekane vizuri. Nilitarajia vijana wachache, labda na karani wa kanisa, na Bwana Isaya, yule anayefundisha kilimo kule Bukura, ambaye ana kompyuta yake iliyomshinda.

Wakaja akina mama.

Mmoja, wawili, kisha benchi nzima, kisha ukumbi ukajaa! Kuna waliotoka Kabras. Kuna mmoja alisema ametoka Ekero tangu asubuhi. Wote wana vikapu vimefunikwa leso. Nikafikiri wanatoka sokoni. Mle gizani nikasikia mtoto anakohoa vibaya, nikasema moyoni, huyu mtoto apelekwe hospitali. (Hakukuwa na mtoto hata mmoja ukumbini.)

Machozi yalinilengalenga. Nikajiambia, Roselyne, uliwadharau watu wako. Kakamega ilikuwa tayari siku nyingi. Mbele kabisa Mzee Alfayo ameketi na koti lake la Jumapili. Bwana Isaya yuko nyuma, hana kikapu, anatazama huku na huku kama mtu aliyekosea harusi.

"Bwana asifiwe!"

"Ameen!"

Sijafika popote, mkono ukainuka. Mama Respah, anayeuza mayai karibu na stendi, mama mwenye sauti yake.

"Mwalimu, hiyo kitu ni ya bure kweli, ama mwisho tutaambiwa harambee?"

Aliniita mwalimu! "Ni ya bure, mama. Leo na siku zote."

"Na virusi haishiki?"

"Mimi nimeitumia zaidi ya mwaka. Sijaona kirusi hata kimoja."

Vigelegele. Kwa mfumo wa kompyuta, jamani. Nani kati yenu amewahi kupigiwa vigelegele?

"Inawekwanga kwa maji?"

Nikacheka kidogo, nikajua huyu ameshaona mtu akimwagia kompyuta chai. "Hapana! Maji yakiingia tu, imekufa."

Wakatazamana. "Kumbe," mmoja akanong'ona, "ndio maana yangu ilikufa."

Nikamwonea huruma. (Nikajiuliza alikuwa na kompyuta aina gani.)

"Sasa inaingilia wapi?" Mama Respah akauliza.

Nikainua CD, ikang'aa. "Inaingia hapa mbele, mdomoni. Halafu unangoja pole pole. Usiiharakishe."

"Hiyo sahani yote?"

"Yote."

Ukumbi ukatulia. Niliuona ule utulivu nikauita mshangao wa elimu, nikaingia kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mnanijua nikifika hapo sishikiki.

"Akina mama, zile za kununua, mwenye kuuza hataki kabisa uone ndani. Hii yetu unaruhusiwa kuifungua! Unaifungua, unaona kila kitu kilivyokaa. Usichokipenda unakitoa, unaweka kingine, unafunga."

"Ikiwa imekufa?"

"Ikiwa hai! Inaendelea na kazi yake kama kawaida."

"Yesu," mtu akasema pale nyuma.

"Msiogope. Mimi si fundi mkubwa, lakini wiki jana nimebadilisha kiini chake kwa mikono yangu."

Mama Respah akasimama. "Kiini! Na ganda?"

Nikafurahi mpaka nikashika meza. Huyu mama anajua mambo! Kernel na shell, hata watu wa Nairobi wanachanganya hayo mawili kila siku. "Swali zuri sana! Kiini ni kitu kimoja, ganda ni kingine. Nimebadilisha kiini na ganda halikuguswa. Na hata ganda lenyewe unajichagulia unalolipenda."

(Najua. Sasa najua.)

Bwana Isaya nyuma alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatetemeka. Nilidhani anaomba.

Nikawasha mashine. Maandishi yakapanda, yakapanda, na pale juu kwenye kona akatokea pengwini, mnene vile vile, kifua mbele.

Ukumbi ulilipuka. "Ndiye huyo! Ndiye huyo wa picha!" "Muone alivyonona!" "Ni huyu amekula hiyo sahani?"

Na kabla sijajibu, Mama Respah ameshafika mbele. Akafunua leso. Akatoa jogoo mwekundu mwenye mkia kama bendera, akamtua juu ya meza.

"Anza na huyu wangu," akasema. "Ndiye amebaki."

Nikamtazama jogoo. Jogoo akanitazama. Kisha akamwona pengwini.

Sijui aliona nini. Labda aliona mume mwenza. Kamba ya miguuni ilimtoka, akarukia kibodi kwa miguu miwili na kuanza kupigana na skrini. Tok! Tok! Tok! Kila anapokanyaga, herufi zinatoka. Mashine ilikuwa imefika pale inapouliza jina la mtumiaji. Jogoo akajaza jina lake, refu sana, akakanyaga pembeni, pale pa Enter, likapokelewa. Mashine ikauliza neno la siri. Akakanyaga tena. Mashine ikamjibu kwa adabu kwamba haimtambui.

"Mshikeni!"

Kumbe kule nyuma akina mama wameshapanga foleni na vikapu vimefunuliwa. Kimoja kikaanguka. Halafu kingine. Kuku mle ndani! Juu ya benchi, chini ya meza, mmoja kwenye mimbari. Nikajitupa kumkamata jogoo, akanikwepa, nikakumbatia skrini kama mtu anayemuaga mpenzi. Na hapo, mbele ya mwenyekiti wa kamati na ukumbi mzima, jogoo wa Mama Respah akasimama katikati ya kibodi, akatulia, akajisaidia.

Kelele zikakatika.

"Roselyne," Mzee Alfayo akasema polepole, "mbona hutibu?"

"Nitibu nini, Mzee?"

"Kuku. Si wewe uliandika? Bure, virusi, na picha ya kuku. Mimi nikatangaza Jumapili, wewe ukiwa Mumias. Nikasema huyu binti wetu ameleta Rinaksi, dawa ya kuku, Mungu amesikia kilio chetu."

Bwana Isaya hakuomba tena. Alikuwa sakafuni. Alicheka mpaka benchi likamwacha.

Mimi nami nilitaka kucheka, niwaambie ukweli. Kisha nikamwona yule mama wa Ekero. Hakuwa anacheka. Amesimama kwenye foleni na tetea mmoja kifuani, amemfunika na kitambaa chake cha kichwa, na yule tetea ndiye niliyemsikia akikohoa. Hapo hamu ya kucheka ikaniisha.

"Akina mama," nikasema, "mnisamehe. Hii si dawa. Hii ni programu ya kompyuta. Mimi niliandika vibaya."

"Na huyu kuku mnene?"

"Si kuku, mama. Ni pengwini. Anakaa kwenye barafu."

"Ndio maana haugui," mtu akajibu, na wachache wakacheka, lakini si mama wa Ekero.

Ni Bwana Isaya aliyeniokoa. Akajipangusa machozi, akaja mbele, akawaambia kwanza wasiwachanganye tena kuku wagonjwa na wazima, maana leo tumefanya kosa kubwa. Akasema wagonjwa hawana dawa, huo ndio ukweli, lakini wazima wana chanjo, tone moja la jichoni, na yeye mwenyewe ataileta kijiji kwa kijiji wakimpangia siku. Akamgeukia mama wa Ekero. "Kwako bado kuna wengine wazima?"

"Vifaranga. Wamebaki kwa jirani."

"Basi tutaanza na kwako."

Yule mama akapumua. Nami nikapumua naye.

Nilijua sasa watatoka, na ukumbi wangu utoke nao. Lakini mvua yetu ya alasiri ikaanza. Mnaijua. Mabati yakanguruma, hakuna wa kwenda popote. Tukabaki mle ndani, watu na kuku, tunatazamana.

"Sasa tukae tukiangalia ukuta?" Mama Respah akasema kwa sauti ya kushinda mvua. "Mwalimu, tuonyeshe hiyo kitu yako."

Nikapangusa nilipoweza. Nikamkalisha. Kidole kimoja, herufi moja, ulimi nje, akaandika RESPAH. Nikaikuza ikajaa skrini. Akaipitishia kidole kwenye kioo, herufi kwa herufi. Kisha akina mama wote wakataka zao. Wakasukumana! Mama wa Ekero akaandika jina la mwanawe anayesoma sekondari.

"Na huyo aliyeitengeneza," Mama Respah akauliza, "kama haiuzi, anakulanga nini?"

Swali hilo tumelibishania hapa kwenye orodha wiki ngapi? Nikamwambia ninavyoamini. Kwamba haikutengenezwa na mtu mmoja, ni watu wengi, wa nchi nyingi, kila mmoja ana kazi yake na huku analeta kipande. Leo wewe unarekebisha, kesho mimi, na shamba linalimika.

"Lakini kitu cha bure ni kitu bure," Mzee Alfayo akaingilia. Alikuwa bado na uchungu wa tangazo lake.

"Basi neno nililoandika lilikuwa baya, Mzee. Nilipaswa kuandika ni huru."

Akafikiri. "Na ile iliyo kwenye kompyuta ya ofisi sasa hivi, ile ya kununua. Tuliinunua?"

Nikatazama viatu vyangu. "Hapana, Mzee. Ilinakiliwa kwa mtu."

"Kunakiliwa ni nini?"

"Ni... kuiba kwa heshima."

Mzee akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya koti, akairudisha.

"Mwezi jana," akasema, "karani alichapisha Amri Kumi za watoto wa Sunday school. Alitumia hiyo?"

"Alitumia hiyo, Mzee."

"Na ile ya nane ilichapika?"

"Ilichapika vizuri sana, Mzee: Usiibe."

Sijawahi kuona mwenyekiti akiinuka haraka vile. Akatangaza kwamba kompyuta haziuzwi. Kwamba ukumbi ni wangu kila Jumamosi. Kwamba ya ofisini isafishwe kwanza kabla ya ibada ya kesho, na kuku wabaki nje. Mama Respah akawa wa kwanza kutaja jina lake kwa darasa, na binti zake wawili. Mama wa Ekero akasema atamtuma kijana wake akifunga shule. Mvua ilipopungua walitoka wakiniita mwalimu, na safari hii nilijua wanamaanisha nini.

Kwa hivyo marafiki, furahini nami, Linux imeingia Kakamega. Mkitaka kucheka, chekeni kimya kimya huko Nairobi. Ila kama kuna mtaalamu kati yenu anayejua namna ya kusafisha kinyesi cha jogoo kilichokaukia kati ya G na H, aniandikie upesi, maana Mzee Alfayo anangoja mashine, na kibodi ile (hapa naandikia nyingine) haitoi hata neno mganga, lenye G mbili.