Bibi Azirai kwa Ajili ya Mkataba Wangu

Jumatatu, 5 Mei 2025

Habari kubwa! Mganga mfawidhi ametangaza kwamba kituo chetu kitapewa mkataba wa mhudumu wa gari la wagonjwa. Mmoja tu. Sisi wa kujitolea tuko wawili, mimi na Efrazia. Tangu nimalize kidato cha nne nabeba machela, naosha gari, nashika dripu kwenye kona za kushuka Bumbuli. Malipo ni chai. Chapati siku nyingine.

Mama amesema nisipopata mkataba, Jumapili ya wiki ijayo nakwenda Bulwa kwa shangazi kuchuma chai. Shangazi ameshaninunulia kikapu.

Nimemuuliza dereva wetu, Mzee Sharifu, kazi hii ina vyeo gani huko mbele. Akasema daktari anapanda cheo, nesi anapanda cheo, sisi tunapanda mlima. Yeye alianza akiwa dereva, na akijitahidi atastaafu akiwa dereva.

Jibu la mtu aliyekata tamaa. Mimi nina mpango. Mkataba, akiba, chuo cha uuguzi.

Jumanne, 6 Mei

Efrazia amesuka nywele. Ni kwa ajili ya Bwana Aron, katibu wa afya, anayekuja Ijumaa kututazama. Mbele ya foleni nzima ya kliniki Efrazia amesema mimi, Mwanamisi, ni binti mzuri, ila mgonjwa akipanda nami atadhani gari halina mtu. Watu wakacheka. Hata yule aliyekuja kung'olewa jino.

Nilikuwa na jibu kali sana. Lilikuja jioni, nikichambua mchicha.

Kujisifu siwezi. Mbele ya wakubwa sauti yangu inabaki kooni. Kwa hiyo lazima katibu anikute kazini. Tatizo ni kwamba wiki hii hakuna anayezidiwa. Watu wabinafsi!

Jumatano, 7 Mei

Suluhisho. Bibi atazirai.

Ijumaa asubuhi Bibi Rukia atalala kwenye machela, atafumba macho, hatasema neno. Binamu zangu watambeba kutoka shambani hadi barabarani, anapopita katibu. Mimi mbele, natoa amri. Katibu akishaona, Bibi anapata nafuu.

Bibi ameuliza atapata nini. Betri za redio. Akataka pia kujua anaumwa nini, asije akaumwa kitu cha aibu. Nikamwambia presha. Ameridhika. Jirani yake ana presha na anaheshimiwa sana.

Ijumaa, 9 Mei

Mungu wangu.

Alfajiri nilichukua machela kituoni. Sikuaga. Ningeaga ningeulizwa.

Nilisahau kwamba kwetu machela haipiti hivi hivi. Anayeiona anatupa jembe na kupokea mpini. Hatujamaliza kupita shamba la kabichi, wabebaji walikuwa wanatosha timu mbili za mpira. Nyuma wanawake na kuni na masufuria. Mtu alishapeleka habari msikitini. Nikasema hali si mbaya kiasi hicho. Hakuna aliyenisikia. Mzee Nassoro, anayegombana na Bibi kila mwaka kuhusu mpaka wa shamba, alikuwa analia kwa sauti. Bibi macho amefumba, lakini anatabasamu.

Barabarani gari la katibu likasimama. Naye ni Mshambaa kama sisi, angebaki ndani vipi? Akavua koti, akapokea mpini, viatu vyake vyeusi vikazama kwenye tope. Nikatoa amri: taratibu! Akanisikia! Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyependezwa. Nilianza kuona chuo cha uuguzi.

Kisha Bwana Aron akainama juu ya mgonjwa, kwa adabu zote, akasema, “Shikamoo, Bibi.”

Bibi hajawahi kuiacha shikamoo bila jibu maishani mwake.

“Marahaba, mwanangu. Pole na viatu.”

Machela ikasimama. Mzee Nassoro akadai kujua, sasa yeye amelia kwa faida ya nani. Bibi, kwa kuwa macho alishafumbua, akamuuliza katibu mjukuu wake ataanza kulipwa lini.

Hapo ndipo tuliposikia sauti ya Efrazia kutoka bonde la pili. Mama mjamzito alikuwa amezidiwa, na machela haikuwepo kituoni. Efrazia alikuwa amefunga blanketi kwenye miti miwili na anaita watu. Msafara wote ukakimbilia kwake, katibu akiwa wa kwanza. Nikabaki na Bibi. Akarudi nyumbani kwa miguu, akinikumbusha betri njia nzima.

Jumatatu, 12 Mei

Mama mzima, mtoto mzima. Mtoto ameitwa Efrazia. Upendeleo mtupu.

Mkataba pia ni wa Efrazia. Miezi sita, posho itakapopatikana, vyeo havikutajwa. Mzee Sharifu amempa hongera na pole kwa mkono mmoja.

Mganga mfawidhi amenisema mbele ya wote. Yule mama angeweza kufa kwa mchezo wangu. Nililia nyuma ya gari. Efrazia akanifuata na kitambaa. Nikamshukuru. Kumbe ni cha kuoshea machela.

Jumanne, 13 Mei

Kikapu kimefika.

Lakini nimesikia katibu anarudi Alhamisi kukagua choo kipya. Usiku kucha nimetafakari kosa langu, na nimelipata. Bibi anasikia.

Kaka yake, Babu Ismaili, hasikii hata honi ya lori. Asalimiwe na nani, asalimiwe vipi, hatajibu. Na safari hii machela ya kituo siigusi, nimetengeneza yangu kwa miti na gunia.

Leo nimemweleza mpango wote, hatua kwa hatua. Ilibidi nipaze sauti. Sikujua ninayo! Babu amekubali. Watu wa ng'ambo ya bonde pia wamejibu kwamba wamesikia, na Alhamisi watakuja kubeba.