Dhahabu ya Mjerumani Mvunguni

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Nimetoka kimaisha! Nilikuwa nachimba shimo la choo shambani Simbo, jembe likagonga chuma. Kirefu kama mkono, kizito, kimechongoka mbele. Kila mtu Kigoma anajua Mjerumani alizika mali alipokimbia. Nimekifunga kwenye gunia la mihogo, nikakileta nyumbani Gungu kwa bodaboda.

Jumanne, 5 Agosti
Nimekigonga nyundo tangu chai hadi adhuhuri. Hakifunguki. Dalili nzuri, mali ya kweli haifunguki ovyo. Mke wangu Melania akauliza kelele za nini. Nikasema natengeneza kitanda. Akashukuru! Nimekisukuma mvunguni, upande wake.

Jumatano, 6 Agosti
Jirani Dismasi, mbea aliyewahi kuwa mgambo miezi mitatu, kachungulia dirishani, kakiona mvunguni. Anadai ni bomu la mzinga. Wivu tu! Nikamuuliza mgambo wa kulinda soko anajua nini kuhusu mizinga. Nikakivuta, nikakigonga mara mbili mbele yake, kumkomesha. Alikimbia akaacha kandambili.

Alhamisi, 7 Agosti
Dismasi kaita polisi, polisi wakaita wanajeshi. Mtaa mzima tukahamishiwa uwanja wa shule. Sajenti Yunisi, mama mpole, akaingia chumbani kwangu peke yake. Nilikumbuka nyundo zote nilizopiga, na Melania alivyolala juu ya chuma kile. Niliwaomba watakatifu wote, hata nisiowajua vizuri.

Akatoka anatabasamu. Kasoma herufi zilizochongwa kitakoni, kaona mabaki ya rangi: bomu la mazoezi, la kufundishia wapiga mizinga. Halina baruti. Wala si la Mjerumani. Mungu mkubwa! Nilikaa chini nikalia. Melania naye alilia, kisha akanitukana kwa Kiha, lugha anayoitunza kwa ajili yangu. Sajenti akanionya mbele ya watu: la mazoezi na la kweli hufanana, nikiona jingine nisiguse, nipige simu.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimelala fofofo. Asubuhi nimetundika kibao mlangoni: LEODGAR, MTAMBUZI WA MABOMU. Nani mwingine Gungu ana uzoefu? Saa nne Heritier, mvuvi wa Katonga, kaniletea chuma kilichonaswa na wavu. Hakina rangi, hakina herufi. Nikamtuliza kwamba ni bomu la mazoezi, ya huku yote ni ya mazoezi. Nimeliweka mezani, nitalifungua nikimaliza chai. Melania kaenda kwa mama yake. Dismasi kahama na kuku wake wote. Mtaa umetulia kabisa, nitafanya kazi bila usumbufu.