Naomba Chuo Kilete Posa

Mlandege, Unguja
14 Januari, 1956

Kwa Bi Mkuu, Chuo cha Walimu Wanawake,
Wete, Pemba

Bi Mkuu Mheshimiwa,

Shikamoo. Naomba salamu hizi zikukute na afya njema, wewe na walimu wako, na hata msichana aliyepangiwa kitanda jirani na changu, ambaye bado simjui.

Barua yenu ya kunipa nafasi nimeipokea, pamoja na fomu inayotaka sahihi ya mlezi kabla ya mwisho wa mwezi. Mlezi wangu, tangu baba afariki, ni ami yangu, Bwana Jaku Pandu, muuza kamba za usumba hapa Mlandege. Amekataa. Kwa heshima zote, kosa ni la chuo, na naomba niyaeleze makosa hayo moja moja.

1. Chuo kiko ng'ambo ya bahari. Ami anasema bahari ya Pemba ni pana mno kwa mtoto wa kike. Lakini mwaka jana, mfungo mosi, ilipokuja posa ya dada yangu Mashavu kutoka hukohuko Wete, bahari ilipungua mpaka ikawa, kwa maneno yake, "hapo tu, ukipiga chafya wanakusikia." Dada alivuka, na hakulowa hata ukingo wa buibui.

2. Ami anasema Pemba kuna wachawi. Nilipomuuliza habari za Mashavu, alijibu kuwa wachawi hawamgusi mke wa mtu. Kumbe hatari ni kwa walimu peke yao.

3. Chuo hakikuleta washenga. Hili ndilo kosa kubwa. Mliniita kwa posta, ndani ya bahasha ya kahawia, bila mtu mzima, bila sinia ya tambuu. Mume wa Mashavu alituma wazee wawili, wakakaa barazani asubuhi nzima wakisifu kamba za ami kabla ya kutaja walichojia.

Kwa hiyo naomba chuo kinipose.

Nimelifikiri sana jambo hili. Chuo ni mchumba mwema. Kina nyumba yake, na kinaamka alfajiri. Mama mkwe hakina, ila wewe, Bi Mkuu, na nasikia u mpole. Ni kweli kina wake arobaini, na sheria inaruhusu wanne. Lakini sijasikia mume mwingine aliyeweza kuwapa wote chakula kimoja, kitanda cha namna moja na kengele moja. Tena baada ya miaka miwili huwaacha wote siku moja, kwa wema, na kila aliyeachwa hupewa cheti na kazi. Shoga zangu walioolewa hawakuahidiwa hayo.

Tafadhali wazee waje Alhamisi, baada ya alasiri, ami akishakunywa kahawa. Wasitaje hesabu wala jiografia. Waanze na kamba.

Nisalimie walimu, mpishi na mpiga kengele. Bibi yangu, Bi Mwanakheir, anakusalimu sana. Ukimwona Mashavu sokoni, mwambie sote hatujambo.

Mwanafunzi wako, inshaallah,
Wanu binti Silima

Nyongeza: Wazee wasije. Ami anasoma herufi za Kiarabu tu, kwa hiyo kila barua inayotoka humu ndani mimi ndiye humsomea kabla ya kuifunga. Na hii nimemsomea, yote, hata wale wake arobaini. Bibi alicheka mpaka tambuu ikamtoka, kisha akamwambia, "Jaku mwanangu, sema kweli. Bahari ina nini? Wewe waogopa nani atakusomea gazeti." Ami aliniuliza mimi kama herufi zenu za Kizungu ni nyingi. Nikamwambia ni chache kuliko zake.

Hiyo ilikuwa Jumapili, na leo ni Jumatano. Fomu imo humu, na sahihi ni ya mkono wake. J imetazama upande usio wake, kwani ameianzia kulia kama alivyozoea. Nilitaka kuisahihisha, nikaacha. Tafadhali msiirudishe, ndiyo ya kwanza kuiandika.