Mchi wa Mama kwenye Gia

Jumatatu, 6 Oktoba

Bilali kang'oa kichwa cha gia sasa hivi. Nilimkalisha ndani ya gari acheze, mimi nafua pembeni. Kugeuka, anakinyonya, udenda unamtoka, anacheka na meno yake manne. Nimemkemea kidogo. Halafu nikambusu, maana kanipa wazo.

Gari letu ni la zamani, la kubadili gia kwa mkono. Mkono wenyewe wa gia mrefu, umelegea. Mume wangu Amiri akitafuta gia ya tatu utadhani anakoroga ugali wa msiba. Si maneno yangu, ni ya Shamimu, bibi harusi wa Jumamosi, mpwa wa mama mkwe wangu. Atatolewa Nandagala kuletwa hapa Nachingwea, na bado hajachagua gari la kukodi. Jirani yangu Gaudensia kamwambia la mume wake ni otomatiki, gia zinajibadili zenyewe, dereva kakunja mikono kama padri.

Tukipata harusi hii, nyingine zitafuata. Tukikosa, Amiri anakwenda kuendesha lori la watu. Leo yuko Mbekenyera kuonana na mwenye lori. Atakuwa anarudi mara moja moja, na Bilali atamwita mjomba. Sitaki.

Kwenye simu nimeona magari ya mashindano. Mkono wa gia mfupi, kichwa kizito. Dereva anagusa tu. Klak.

Jumanne, 7 Oktoba

Nicholaus, fundi wa kuchomelea mageti, kaja na msumeno. Kaniuliza, shemeji, Amiri anajua? Nikasema atafurahi. Kasema hakuuliza hilo. Lakini kakata, karibu nusu ya mkono.

Kichwa kizito nacho kitatoka wapi? Nimezunguka nyumba nzima. Mchi wa mama mkwe umesimama kwenye kinu. Mti mgumu, umelainika kwa mikono yake. Na ni mrefu ule. Nikikata kipande kama ngumi, hakuna atakayeona. Nicholaus kakitoboa kwa nondo ya moto, kakigongelea. Kimekaa kama kilizaliwa pale.

Jumatano, 8 Oktoba

Mama mkwe katwanga mahindi asubuhi, kainama kuliko siku zote. Mgongo unamuuma. Kasema mchi umepungua. Nikamwambia labda ni hili jua la Oktoba. Kasema anatwanga nao tangu Amiri hajazaliwa, na jua lilikuwepo.

Amiri karudi. Mwenye lori anamtaka wiki ijayo. Akaiona gia. Kaenda nyuma ya nyumba, karudi, kaiangalia tena kama mtu aliyeamka akakuta mguu haupo. Kaniita kwa jina langu la shule. Hapo huwa pabaya. Halafu kaingia ndani, kakanyaga klachi, kaingiza moja. Klak. Mbili. Klak. Chakula kimepoa, yeye yupo tu ndani ya gari, hata hajaliwasha.

Alhamisi, 9 Oktoba

Shamimu kaja kuangalia magari. Gaudensia kamwashia kiyoyozi. Amiri wangu kampigia klak klak, mkono mmoja, macho mbele. Shamimu kasema basi hili, lina maringo. Gaudensia kanitakia heri huku anapandisha vioo.

Nimemrusha Bilali juu kwa furaha mpaka kacheua uji.

Jumamosi, 11 Oktoba

Harusi. Mama mkwe kakaa mbele. Mimi nyuma na Bilali na bibi harusi. Tumetoka Nandagala vizuri. Kufika penye mashimo, gia ya tatu ikachomoka yenyewe, gari likanguruma bure. Amiri kairudisha. Ikachomoka. Kasema polepole, bila kugeuka, kwamba gia zimechakaa na hicho kichwa kizito kinazivuta kila shimo. Shamimu kauliza kama bwana harusi kaambiwa asubiri mpaka Jumapili. Mimi naangalia mikorosho.

Mama naye akaangalia gia. Akaona ule ufa mdogo wa mchi wake anaoujua. Nikampakata Bilali vizuri, maana mwenye mtoto hapigwi.

Mama kafunga kanga kiunoni, kashika kichwa cha gia kwa mikono miwili, kakikandamiza. Amiri akisema nne, mama, anaachia, halafu anakamata tena. Hivyo hivyo mpaka Nachingwea. Tulipoingia mjini kaanzisha wimbo wa kutwangia. Bodaboda wa msafara wakaitikia kwa honi. Watu wakatoka majumbani. Gari linaunguruma, mama anaitwanga gia, Shamimu anacheka mpaka wanja umeshuka mashavuni. Simu zote juu.

Pilau haijaisha, mtu wa Kiegei na mtu wa Ruangwa wakamfuata Amiri. Wanalitaka gari hilo kwa harusi zao. Na mama huyohuyo akae mbele.

Gaudensia kaniuliza michi inauzwa wapi.

Jumapili, 12 Oktoba

Amiri kampigia mwenye lori atafute mtu mwingine. Bilali kalala juu ya kifua cha baba yake, wote midomo wazi.

Mama kaniita alfajiri. Kasema maneno machache, yote ya kweli. Nimeahidi sitagusa tena chombo chake bila kuuliza. Kanipa ule mchi mfupi niwe natwanga mimi, mgongo wangu bado mpya. Nimekubali. Nimejifunza.

Ila usukani wetu ni mkubwa mno. Yale magari ya mashindano yana usukani mdogo, mwembamba. Na ule ungo mdogo wa mama, wa kupepetea ufuta, ukitoa mianzi ya katikati, duara lake ni lilelile. Nimeuloweka kwenye beseni nyuma ya choo ili ulegee. Kesho Nicholaus akija tunaufunga badala ya... ngoja, mama ananiita huko uani, anauliza nani kaweka ungo wake kwenye