Kikundi cha Ngoma ya Nyoka cha Mafundi Wanne

Marcel, ambaye kijiwe kizima cha kahawa pale Buseresere kinamwita Ripoti, alisogeza simu karibu na pua, akakohoa kama msoma taarifa ya habari.

"Sikilizeni. Mafundi wote wa mikataba migodini waliojificha nyuma ya vikundi hewa ili wasilipe kodi, watapigiwa hesabu upya. Kuanzia miaka sita nyuma."

Maduhu, fundi wa kuchomelea anayeitwa Cheche, aliirudisha kahawa kikombeni kutoka mdomoni.

"Nyuma tena? Kodi si huwa inakwenda mbele?"

"Hii ina rivasi," alisema Amosi Karasha, mwenye mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. "Mbona jasho, kaka? Nyie si kikundi chenu ni cha wachomeleaji?"

Cheche aliifikiria nyumba yake iliyoezekwa upande mmoja, na mabati ya upande wa pili ambayo mkewe Asteria huyahesabu kila asubuhi kama kuku. Kodi ya miaka sita ingeyabeba yote, pamoja na yaliyokwisha kupigiliwa. Akatoa mfukoni barua iliyokunjwa mara nane.

"Mshauri wetu alisema vikundi vya utamaduni havilipi kodi," alisema taratibu. "Akatuandikisha mafundi wanne. Kikundi cha Ngoma ya Nyoka."

Hata Paskalia muuza kahawa, aitwaye Mama Nelly, alibaki na birika hewani.

"Yaani miaka sita mnachomelea mabomba," alisema Ripoti, "huku makaratasi yanasema mnacheza na nyoka."

"Kila mwezi tuliandika risiti. Onyesho moja la ngoma."

"Na zile rodi za kuchomelea mliziandikaje?"

"Chakula cha nyoka."

Karasha aliteleza kwenye benchi, akamalizia kicheko chake akiwa chini.

"Cheka tu," alisema Cheche. "Jumatatu natakiwa ofisi ya kodi Geita na uthibitisho wa shughuli za kikundi. Nikikosa, nalipa yote. Kwa hiyo nimeamua, mimi ni mcheza nyoka na sibadiliki."

"Basi tukupime," alisema Mama Nelly, akakaa wima kama mtu mwenye mhuri. "Mimi ndiye afisa. Nyoka wenu anaitwa nani?"

"Hana jina."

"Miaka sita mko naye kazini, hamumwiti?"

"Anaitwa... Bosi."

"Ana ukubwa gani huyo Bosi?"

"Inchi nne kwa mita kumi na mbili."

"Hilo ni bomba, Cheche," alisema Ripoti.

"Mlikuwa mnamshika kwa kitu gani?" aliendelea Mama Nelly.

"Koleo. Akishapoa."

Mama Nelly alitikisa kichwa. "Umeyakanyaga, baba. Wewe huokolewi na maneno. Ukapige picha na nyoka wa kweli. Baba yangu mdogo, mzee Mageni, anacheza na nyoka tangu ujana. Karasha, chukua pikipiki ukamlete."

Mzee Mageni aliletwa, kikapu kikubwa cha mfuniko mapajani.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mayu, mama yangu. Yuko wapi mchezaji mwenzangu?"

"Ni mimi, mzee," alisema Cheche, kwa sauti iliyopungua.

"Miaka sita, na sijakuona kwenye mashindano hata siku moja. Sogea, ng'wanawane, mwanangu, umvae shingoni upigwe picha. Mpole huyu, ameshakula."

"Alikula lini?"

Mzee aliwaza. "Juzi. Au wiki ile nyingine."

Akafunua kikapu. Cheche aliyakumbuka mabati, akapiga hatua moja mbele. Chatu aliinua kichwa bila haraka, akaionja hewa kwa ulimi wake, kisha akashuka akalala juu ya ndala ya Cheche kama aliyefika nyumbani.

Walipomwona tena, Cheche alikuwa ng'ambo ya barabara, juu ya lori lililojaa pamba, mguu mmoja peku.

"Ripoti, una kalamu?"

"Ninayo."

"Andika barua ya Geita. Andika mimi ni fundi wa kuchomelea, ngoma siijui, na kodi nitalipa."

"Ya miaka sita yote?"

Mzee Mageni alikuwa ameshaanza kuvuka barabara polepole, kikapu wazi chenye chatu mkono mmoja, ndala mkono wa pili, akisema ng'wanawane, umesahau kiatu.

"Andika kumi," alisema Cheche. "Ila mwambieni afunike kwanza."